Mto Unaweza Kulea Samaki Wangapi? Somo la Mwezi Mbaya

Safari hii wahariri wameniomba niandike kitu kuhusu fani yangu, na kama kawaida yao wakaniambia "usituwekee mambo magumu". Nitajaribu. Fani yenyewe ni elimu ya samaki wa mito, na kila nikiitaja kwenye mikutano yetu swali huwa lile lile: "Sasa nyie mnawahesabuje, na wenyewe wamo chini ya maji?" Swali zuri. Lakini lipo jingine linaloniumiza kichwa zaidi, na ndilo somo la leo. Tuache kidogo habari ya samaki wangapi wamo mtoni hivi leo. Tuulize: mto wenyewe, kwa maji yake, mawe yake na vidimbwi vyake, una uwezo wa kulea wangapi?

Ni tofauti ya kuhesabu abiria na kuhesabu viti vya daladala. Basi linaweza kwenda tupu kwa sababu ni usiku wa manane, si kwa sababu halina viti. Mto nao hivyo hivyo: unaweza kuwa na samaki wachache kwa sababu watu wamewakokota wote kwa vyandarua, huku nafasi ipo tele. Mto mwingine umeshajaa, na kila kifaranga unayemwongeza ni pesa uliyoitupa majini. Najua mtaniambia daladala zetu hazijai, siku zote kuna nafasi ya mmoja. Samaki ni wakali zaidi ya makondakta. Trauti mdogo akikosa kipande chake cha mto anafukuzwa na wenzake, anasukumwa na maji hadi chini, na huko anakufa njaa au analiwa.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi? Kwa sababu wengi wetu tukirudi nyumbani tutakutana nalo kwenye makaratasi. Bwawa likijengwa, skimu ya umwagiliaji ikipanuliwa, mradi wa kupandikiza vifaranga ukiletwa, kuna ukurasa mmoja wa ripoti utakaosema mto ule una uwezo wa kulea samaki kiasi fulani na unahitaji maji kiasi fulani. Namba hiyo itaamua nani apate maji na nani akose. Na namba hiyo ni rahisi sana kuikosea. Mimi mwenyewe nimeikosea, kama mtakavyoona.

Tuanze na kijito cha huku

Tunaanza huku Ulaya na Marekani kwa sababu hesabu hizi zilikuzwa hasa kwa ajili ya samoni na trauti, samaki wa maji baridi. Ndugu zetu wa Kenya trauti wanamjua: Waingereza walimpeleka kwenye mito ya Aberdare mwaka 1905 ili wapate mchezo wa kuvua kwa ndoana wakiwa ugenini, na yumo mpaka leo.

Chukua kijito cha urefu wa kilometa moja na upana wa meta tano, yaani meta za mraba 5,000. (Namba za kijito hiki nimezitunga mwenyewe ili hesabu iwe nyepesi, njia ndiyo ya kweli.) Ukitembea ndani yake na mabuti ya mpira yanayofika kifuani, utaona hakifanani kila mahali. Kuna sehemu za maji mafupi yanayokimbia juu ya mawe. Kuna sehemu za maji yaendayo taratibu. Na kuna vidimbwi, penye kina, kivuli na mizizi ya miti. Unapima kila kipande kwa utepe, urefu kwa upana, unaandika. Kazi ni ya kuchosha na vidole vinaganda, lakini haina siri yoyote.

Halafu unahitaji kujua kila aina ya kipande inaweza kubeba samaki wangapi. Hii hupatikana kwa kwenda kwenye vijito vingi vya aina ile na kuwahesabu samaki kweli kweli. Hapa pana mtego. Wanafunzi wengi huchukua wastani wa vijito vyote. Wastani unachanganya vijito vilivyojaa na vile vilivyomwagiwa uchafu wa mashamba au kuvuliwa hadi vikaisha. Wewe unatafuta viti, si abiria. Kwa hiyo angalia vijito vizuri, vilivyo na samaki wazazi wa kutosha, uone vinafika wapi. Tuseme tumepata trauti wadogo mmoja kwa kila meta 10 za mraba penye mawe, wawili penye maji ya taratibu, na watano kwenye vidimbwi.

Mara yangu ya kwanza kupewa zoezi hili nilikwenda mtoni mwezi Aprili. Maji mengi, majani yanachipua, raha tupu. Ukilifanya kwa kijito chetu cha mfano hesabu inakuja hivi: mawe meta 2,000 zinatoa samaki 200, maji ya taratibu meta 1,800 zinatoa 360, vidimbwi meta 1,200 zinatoa 600. Jumla 1,160. Nikachora na grafu ya rangi. Mwalimu akaisoma kimya, akanirudishia karatasi na maneno mawili tu pembeni: "Na Septemba?"

Nikarudi Septemba. Mawe yalikuwa yametoka nje yamekauka kama mgongo wa mamba. Kwa kijito chetu cha mfano, tuseme zimebaki meta 600 za mawe, 900 za maji ya taratibu na 1,000 za vidimbwi. Piga hesabu: 60, na 180, na 500. Jumla 740. Wale 420 wa juu walikuwa samaki wa kwenye karatasi. Tena tazama jambo moja: eneo la maji limepungua nusu nzima, kutoka 5,000 hadi 2,500, lakini samaki wamepungua kama theluthi hivi tu. Vidimbwi ndivyo vilivyookoa jahazi, kwa sababu ndivyo vinavyokauka mwisho. Mto uliolimwa na tingatinga ukanyooshwa kama mfereji ungepoteza karibu wote.

Maisha yote ya samaki, si siku moja

Hapo bado hatujafika. Samaki hahitaji chumba kimoja tu maishani. Anahitaji mahali pa kutagia, mahali pa kukulia wakati wa joto, na mahali pa kujificha wakati wa baridi. Inabidi uhesabu vyumba vyote hivyo, halafu uviunganishe kwa idadi ya wanaonusurika kutoka kimoja hadi kingine.

Tuendelee na kijito chetu. Kina meta za mraba 80 za changarawe safi. Kila jike huchimba kiota cha meta mbili, kwa hiyo vinaenea viota 40. Kila kiota mayai 500, ni mayai 20,000. Kumi katika kila mia wanafika majira ya joto wakiwa hai: watoto 2,000. Lakini nafasi ya kiangazi tumeshaona ni 740, kwa hiyo zaidi ya 1,200 wanapotea. Katika wale 740, tuseme 40 katika kila mia wanavuka majira ya baridi: ni 296. Mahali pa kujificha chini ya mawe makubwa na mizizi panatosha 400. Basi 296 wote wanapata pa kukaa, na hao ndio mavuno ya kijito kwa mwaka.

Sasa anakuja mfadhili na pesa zake. Anasema, "Samaki wamepungua, tumwage changarawe wapate pa kutagia." Unakubali, changarawe inaongezwa mara mbili. Watoto wanakuwa 4,000. Nafasi ya kiangazi 740. Wanaovuka 296. Hujapata hata samaki mmoja zaidi! Pesa imekwenda, ripoti imeandikwa, kibao cha mradi kimesimikwa. Kama pesa ile ile ingetumika kuangusha magogo mtoni ili vidimbwi viongezeke na nafasi ya kiangazi ifike 1,300, wangetoka 520 kuelekea mwisho wa baridi. Lakini hapo wangekuta maficho ni ya 400 tu. Faida yako ni samaki 104, na sasa tatizo limehamia kwenye baridi. Ukitaka zaidi, ongeza mawe makubwa na mizizi.

Mwaka 1989 watafiti wa misitu na samaki wa Marekani walitoa mwongozo wa hesabu ya namna hii kwa samoni aitwaye coho katika mito ya magharibi ya Oregon na Washington. Kazi iliyofuata huko ilionyesha kitu ambacho mgeni asingekidhania: kwenye vijito vingi vya pwani ya Oregon, kilichowabana coho hakikuwa joto wala ukame. Ni mafuriko ya majira ya baridi. Vifaranga walikosa vidimbwi vya pembeni vilivyotulia, wakasombwa. Mwezi mbaya wao ulikuwa Januari, wakati mto umejaa maji hadi ukingoni.

Ndiyo maana nasema somo zima hili ni kuutafuta mwezi mbaya. Kila mto unao wake. Ukiupata, namba unayo. Ukiukosa, hata ukitumia kompyuta ya aina gani, unahesabu abiria wa ndotoni.

Tukizungumzia kompyuta, lazima nitaje PHABSIM, programu iliyotengenezwa na Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani kule Fort Collins, Colorado, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mtaikuta kwenye ripoti nyingi za mabwawa. Inagawa mto katika vipande, na kila kipande kinapewa alama kati ya 0 na 1 kwa kina, kwa kasi ya maji na kwa aina ya sakafu. Kipande cha meta 10 chenye alama 0.8 ya kina, 0.5 ya kasi na 1 ya sakafu kinahesabiwa kama meta 4 zinazofaa, maana 10 mara 0.8 mara 0.5 mara 1 ni 4. Unajumlisha vipande vyote, unarudia kwa kila kiwango cha maji, unapata mchoro unaoonyesha makazi yanavyopanda na kushuka mto unapojaa na kupungua. Ni chombo kizuri cha kulinganisha. Lakini meta zinazofaa si samaki. Wakosoaji walisema tangu miaka ya 1980 kwamba mara nyingi meta hizo haziendi sambamba na samaki wanaokutwa mtoni, na mtu anayezigeuza kuwa idadi ya samaki bila kwenda kuwahesabu anacheza bahati nasibu.

Kuwahesabu wenyewe huku ni kwa umeme. Unaziba kipande cha mto kwa nyavu juu na chini, unapitisha umeme kiasi cha kuwalewesha, unawaokota, unawahesabu, unawaweka kwenye ndoo. Unarudia mara ya pili. Kama mara ya kwanza umepata 60 na ya pili 24, kanuni ya Seber na Le Cren ya mwaka 1967 inasema: zidisha 60 kwa 60, gawanya kwa tofauti ya 60 na 24. Ni 3,600 gawanya kwa 36, jibu 100. Yaani bado 16 wamejificha. Kanuni inadhani kwamba umefanya kazi ile ile mara zote mbili na hakuna samaki aliyetoka wala kuingia. Kwa vijito vya huku vya kufika magotini inafaa sana. Kwa mto wenye mamba na viboko, tafadhali, tusiandikiane rambirambi.

Tukirudi kwetu: Ruaha Mkuu

Sasa twende Tanzania, kwenye mto ambao wengi mmeusikia kwa sababu ya mgao wa umeme. Ruaha Mkuu unakusanya maji ya milima ya Uporoto na Kipengere, unashuka kwenye bonde la Usangu, unajikusanya katika ardhi oevu ya Ihefu, halafu unatokea kwenye kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama. Kutoka hapo unapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unajaza Mtera, unakwenda Kidatu, na mwisho wake ni Rufiji. Kile kizingiti ndicho kinachotawala kila kitu. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya kiwango cha mwamba, hakuna tone linalotoka, hata kama bwawa lenyewe lina maji nyuma yake.

Mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika kila kiangazi ndani ya hifadhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa taasisi ya kimataifa ya maji, IWMI, walichapisha hesabu zao mwaka 2006. Walikuta kwamba kati ya mwaka 1958 na 2004 maji yanayoingia Ihefu kuanzia Julai hadi Novemba yalipungua kwa kiasi cha asilimia 70, sababu kubwa ikiwa ni kuchepushwa na watu, hasa kwa umwagiliaji. Eneo la ardhi oevu wakati wa kiangazi likashuka kutoka kilometa za mraba 160 hadi 93.

Tazameni walichokifanya: hawakupima Aprili. Aprili Usangu ni bahari, ndege wengi, kila mtu anafurahi. Walipima mwezi mbaya.

Njia ya kijito cha trauti tukiileta hapa kama ilivyo itatudanganya, kwa sababu mto wa bonde la mafuriko una mapafu mawili. Maji yakipanda, samaki wanatawanyika kwenye nyasi zilizofunikwa, wanakula, wanazaa. Yakishuka, wanarudi mtoni na kwenye madimbwi, na hapo ndipo wanapochujwa. Robin Welcomme wa FAO, aliyekusanya takwimu za mito mingi ya Afrika miaka ya 1970, alitupa kipimo cha haraka: hekta moja ya bonde inayofurika hutoa kama kilo 40 hadi 60 za samaki kwa mwaka. Bonde la hekta 1,000, basi tani 40 hadi 60. Ni kipimo kizuri cha kuanzia ukiwa huna kitu mkononi. Lakini kimetoka kwenye mabonde ambayo samaki wana pa kukaa kiangazi. Ukikitumia kwenye bonde linalofurika Aprili na kukauka kabisa Oktoba, unapata samaki wa karatasini, kama wangu wa mara ya kwanza.

Tufanye hesabu ya madimbwi. Tena namba za kutunga: kilometa kumi za mto, Oktoba, maji hayatembei. Yamebaki madimbwi 12, jumla meta za mraba 9,000. Kwa uzoefu wa mito ya jirani, dimbwi zuri linabeba perege watatu kwa kila meta 10, na kambale mmoja kwa kila meta 20. Haraka haraka: perege 2,700, kambale 450. Aliyepima Aprili, mto ukiwa na meta 400,000 za maji, angeandika perege 120,000.

Lakini hata hiyo 2,700 ni kubwa mno, na sababu ni viboko. Mto ukikauka viboko nao wanakosa pa kwenda, wanajazana kwenye madimbwi yaliyobaki. Usiku wanakula nyasi nchi kavu, mchana wanarudi kunya majini. Mto unapotembea mavi yanakwenda na maji, tena ni mbolea. Ukisimama, yanarundikana, yanaoza, oksijeni inakwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Ruaha hiyo hiyo ulionyesha kwamba kwenye madimbwi yenye viboko wengi samaki hupungua, kwa idadi na kwa aina, mtiririko unapokatika, na hali hurudi mvua zikija. Kambale anajiweza kidogo, kwa sababu ana kiungo cha ziada juu ya matamvua cha kupumulia hewa. Mtamwona anapanda juu, anameza, anashuka. Perege hana.

Kwa hiyo tuseme madimbwi manne makubwa, yenye jumla ya meta 4,000, yameshikwa na viboko. Kwa perege hayo yahesabu sifuri. Zinabaki meta 5,000, perege 1,500. Kambale bado 450. Maji yapo, kina kipo, utepe wako unasema meta 9,000, na karibu nusu yake haiwezi kumlea perege hata mmoja. Hili halimo kwenye mwongozo wa samoni. Linajulikana kwa kwenda na kipima oksijeni asubuhi na mapema kabla jua halijatoka, au kwa kumwuliza mtu aliyekulia pale. Wavuvi wazee wanajua dimbwi lipi halikauki na lipi samaki wake huelea. Ripoti nyingi huwauliza mwishoni, kama adabu. Mimi ningewauliza kwanza, ndipo nifungue kompyuta.

Sasa unaelewa kwa nini wale watafiti wa Sokoine na IWMI hawakuomba mto ujae. Waliomba kitu kidogo sana: meta za ujazo 0.6 kwa sekunde zitoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, ili mto ubaki katika hali yake ya msingi. Ni maji ya kijito. Lakini ili hizo 0.6 zitoke, Ihefu lazima ipokee wastani wa meta 7 kwa sekunde, kwa kuwa nyingine nyingi huliwa na jua na mimea ndani ya bwawa. Hizo 7 zilikuwa karibu mara mbili ya zilizokuwa zikiingia. Na ili zipatikane, mito ya kudumu ya Usangu ingepaswa kugawanywa kiangazi hivi: asilimia 20 kwa watu, asilimia 80 iende bwawani.

Asilimia 20! Mwambie hivyo mtu wa Mbarali. Nimewahi kuitaja hesabu hii mbele ya kaka mmoja wa huko tuliyekuwa naye hapa chuoni, akaniuliza kama samaki wanalipa ada. Na ana haki ya kuuliza, maana mpunga wa Usangu ndio uliosomesha watoto wengi. Ila tuseme na upande wa pili: mpunga hulimwa masika. Maji ya kiangazi yanayoingia mifereji ni ya matumizi ya nyumbani, bustani za mboga, matofali, na sehemu kubwa yake huvuja njiani kwenye mifereji ya udongo kabla hayajamfikia mtu. Watafiti wenyewe walisema nafasi ya kupunguza upotevu ipo, na kwamba hata ndani ya bwawa kuna kazi ya kufanya ili maji yafike kizingitini.

Mwaka 2001, jijini London, Waziri Mkuu wa wakati huo Frederick Sumaye alitangaza nia ya serikali kuhakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu na ng'ombe wao. Mwaka 2008 eneo lile likaunganishwa na hifadhi ya taifa. 2010 ikafika, ikapita, na mto ukaendelea kukauka kiangazi. Mimi si mwanasiasa, lakini kwa hesabu tulizofanya hapa: kumwondoa ng'ombe si sawa na kufunga mfereji mwezi Septemba.

Nisije nikamwacha mtu akidhani mwezi mbaya Tanzania lazima uwe Oktoba. Teremkeni na mto huo huo hadi Rufiji ya chini, kwenye maziwa kama Ruwe, Utunge na Zumbi. Maziwa yale hupata maji mapya na samaki wapya pale mto unapofurika na kuyafikia. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na bwawa kwa kawaida yake hushika maji ya masika na kuyatoa kidogo kidogo. Kwa maziwa yale mwezi mbaya unaweza kuwa Aprili yenyewe, Aprili ambayo mafuriko hayakuja. Atakayekwenda kupima kule akahesabu kiangazi peke yake, akaona mto una maji mengi kuliko zamani, ataandika kwamba samaki wameongezewa nafasi.

Zoezi

Rudini kwenye zile kilometa kumi zenye madimbwi 12. Mna pesa ya kufanya jambo moja tu. La kwanza ni kupandikiza vifaranga 50,000 wa perege mwezi Machi. La pili ni kujenga milango ya kufunga mifereji kuanzia Julai, ili maji kidogo yatembee hadi mvua zianze na yale madimbwi manne ya viboko yapumue tena. Kila moja linakupa perege wangapi zaidi mwishoni mwa Oktoba? Onyesheni njia, si jibu tu. Halafu kuna sehemu ya pili ambayo haina kanuni: vijiji viwili vinachota maji ya kunywa kwenye mifereji hiyo hiyo mtakayoifunga. Kadirieni visima vingapi vichimbwe, gharama yake mwiweke kwenye jedwali lile lile la samaki, na mwone kama uamuzi wenu unabaki ule ule. Mje na majibu kwenye mkutano ujao. Chai na mandazi juu yangu.